Alama ya Tatu Kwenye Mpini

Mwanamke aliingia dukani Jumamosi saa nne asubuhi, wakati duka limejaa mpaka mlangoni, naye amempakata mtoto asiye na kichwa.

Mama mmoja aliyekuwa akichagua chupa za maziwa alipiga yowe. Mwingine akamziba mwanawe macho. Kumbe hakuna cha kutisha: alikuwa mtoto wa kitambaa, maua ya buluu mwili mzima, mikono miwili, miguu miwili iliyonona, na pale shingoni kafungwa uzi kama mdomo wa gunia. Mwanamke mwenyewe wala hakujali macho ya watu. Alivaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni, akaenda moja kwa moja vilikopangwa vigari vya watoto. Akamkalisha kiumbe wake kwenye kigari cha kwanza, akamfunga mikanda, akasukuma hatua tano, akatikisa kichwa. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu alikiinua mbele kwa mkono mmoja, akakishusha, akasonya.

Msonyo ule ndio uliomtoa fundi kule nyuma.

Fundi huyu aliitwa Nyoosha, maana hakuweza kuona gurudumu limepinda akanyamaza. Hata barabarani alisimamisha baiskeli za watu asiowajua. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, umri miaka thelathini na minne, mpole kupita kiasi. Duka lilikuwa la mama yake mkubwa, na mama mkubwa alikuwa na msemo mmoja juu yake: huyu hajaoa si kwa kukosa wa kuoa, bali kwa kukosa kusema. Mbele ya gurudumu alikuwa na maneno. Mbele ya jambo la moyo, mdomo unafunga.

Siku hiyo lakini mdomo ulifunguka wenyewe.

"Dada," alisema huku akijifuta grisi, "huyo mtoto hali, au anakula ila hana pa kutilia?"

"Anakula mchele," mwanamke alijibu bila kugeuka. "Kilo kumi na mbili na nusu. Mchele mtupu."

"Na mwenye kichwa yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani makusudi. Yule nikimleta hapa atakalia cha kwanza chenye rangi nyekundu, nikimtoa atalia, na mimi nitanunua kwa machozi yake badala ya akili zangu." Ndipo akageuka. "Kwa hiyo nimemshona pacha wake. Uzito ni ule ule, mgongo ni ule ule. Mapaja nilimpima akiwa amelala."

Nyoosha alikuwa na miaka tisa katika duka lile. Alishaona watu wakichagua kigari kwa rangi, kwa kuiga jirani, kwa kukiegemea tu na kusema hiki kizuri. Mtu aliyeshona mtoto mzima ili achague vizuri hakuwahi kumwona. Alijikuta anatabasamu kama mjinga.

"Wewe ni fundi nguo."

"Umejuaje?"

"Utepe huo. Na huyo pacha, mishono yake haina hata mmoja uliokwenda upande."

Mwanamke alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nionyeshe cha magurudumu matatu," akasema.

"Kwa nini matatu?"

"Njia yetu ina mawe, halafu kuna mfereji uliofunikwa kwa vyuma vyenye nafasi. Vigurudumu vidogo vya mbele vinazama humo. Jirani yangu kila siku anakwama palepale na kutukana palepale."

Nyoosha akamtolea kimoja cha kijivu, magurudumu makubwa yenye tairi za upepo, mawili nyuma na moja mbele. Akapiga goti.

"Hili la mbele linageuka kila upande, kwa hiyo ndani ya nyumba utapita bila shida. Ukifika kwenye mawe, bana kifungio hiki, linakaa sawa, halipepesuki. Lakini nikwambie na ubaya wake."

"Sema."

"Ni kirefu, kwenye lifti na milango ya kona kitakusumbua. Tairi zinataka upepo kila baada ya wiki mbili. Na ukikata kona mbio huku umetundika mikoba kwenye mpini, kinaweza kulalia ubavu."

"Wewe unauza au unafukuza wateja?"

"Mimi nanyoosha tu. Anayeuza ni yule pale," akamwonyesha mama mkubwa, aliyekuwa akihesabu nepi kwa sauti huku sikio lote liko kwao.

Mwanamke akacheka. Jamani, kicheko kile! Kilitoka chini, kikapanda, kikawageuza watu watatu vichwa. Kisha akavua utepe shingoni, akapima upana wa nyuma. "Sitini na mbili. Mlango wangu sabini na moja. Tunapita." Akakitoa nje na pacha wake ndani, akakipandisha ukingo wa barabara, akakishusha, akakipandisha tena, akageuka ghafla, akakivuta kinyumenyume. Nyoosha alitembea pembeni yake akitazama ile mikono isiyo na haraka, inayojua inachotafuta. Akaona kwamba anapenda kuitazama.

"Ni hiki," alisema mwanamke. "Lakini mpini uko chini."

"Mbona kwako uko sawa kabisa?"

"Kwangu uko sawa." Akasita kidogo, akaamua kutoongeza neno. "Unaweza kuupandisha?"

"Nitaingiza bomba jingine ndani. Siku nne."

"Nipe namba yako nikusumbue. Mafundi nawajua, na mimi ni fundi. Nguo ya Ijumaa tunaitoa Ijumaa, ila hatusemi ya mwezi gani."

*

Alimsumbua kweli. Simu ya kwanza iliingia jioni ile ile.

"Nyoosha, kigari changu kinaendeleaje?"

"Kimekula, kimelala. Pacha hajambo?"

"Nimempasua, tumempika nusu."

"We mshona mchele! Umempika mtoto?"

"Na mwenye kichwa ndiye aliyekula zaidi. Unafikiri tunamwita Kibonge bure?"

Ya pili ilikuwa Jumapili, ya tatu Jumatatu mchana, na hiyo haikugusa kigari hata kidogo. Alimsimulia mteja aliyetaka suruali imfanye mrefu, na Nyoosha, mfupi mwenzake, akacheka hadi spana ikamdondokea mguuni. Mwanamke naye alizungumza pini zikiwa mdomoni, maneno yanatoka nusu nusu, na Nyoosha akayaona matamu hivyo hivyo. Aliporudi kwenye kazi alipiga mluzi. Mama mkubwa akasema peke yake, "Haya, tuone."

Jumanne asubuhi Nyoosha ndiye aliyepiga.

"Dada, nakata bomba sasa. Nipe urefu wa kiwiko cha atakayesukuma, kuanzia chini."

Zikasikika kurasa zikifunguliwa. "Mia moja na kumi na tano. Weka mpini sentimita tano chini yake."

"Lo. Huyo ni mrefu."

"Ni mrefu, ndiyo." Sauti yake ilibadilika, ikawa laini, laini kiasi ambacho Nyoosha hakuwahi kuisikia. "Na mgongo unamtesa, akiinama kidogo tu anaumwa kutwa. Asubuhi zote ni yeye atakayesukuma. Nataka atembee wima, Nyoosha, wima kabisa, kama ninavyopenda kumwona. Tia alama mbili kwenye bomba ili kila mtu ajue pa kuusimamisha mpini. Nyekundu yake. Yangu tia ya manjano."

Nyoosha aliweka msumeno chini.

"Upo?"

"Nipo," alisema Nyoosha. "Sawa, mama."

Mama! Jumamosi alikuwa mshona mchele, dakika moja iliyopita dada, sasa mama. Swali lilikuwa dogo: huyo mrefu ni nani kwako? Mtu mwingine angelitema hata kabla ya kufikiri. Nyoosha alilimeza. Alimwona huyo mume kwa macho yake: mrefu, mashati yameshonwa na mkewe, anasukuma kigari asubuhi huku amesimama wima. Akakata bomba, akapaka rangi nyekundu, akapaka ya manjano, akafunga gurudumu la mbele, na kila alipokaza skrubu moyo wake haukuwa pale.

Mwanamke alikuja kesho yake amevaa gauni jipya la kijani lenye vifungo vya kitambaa, hereni masikioni, na kiunoni amembeba Kibonge mwenyewe, kichwa chake na mashavu yake yote. Alikuja akitabasamu tangu mlangoni.

"Nimekuletea mwenye kichwa!"

Nyoosha hakuinuka kwenye benchi. "Kigari kile pale, mama. Alama ya juu nyekundu, ya chini manjano."

Kibonge akamnyoshea mkono, vidole vitano vimetanuka, anataka kubebwa. Nyoosha akaendelea kushika spana yake. Mkono wa mtoto ulibaki hewani, kisha ukarudi kwenye bega la mama yake.

Tabasamu la mwanamke lilikwisha. Akamkalisha mtoto, akafunga mikanda, akasimama kidogo na mgongo wake kwa fundi.

"Kumbe wa mchele ndiye uliyemchekea," alisema. "Wa kweli hukumtaka."

Akaondoka, na simu haikulia tena.

"Umemfanya nini?" aliuliza mama mkubwa.

"Ana mume."

"Nani kakwambia?"

"Kiwiko."

"Kiwiko?"

"Kiwiko cha sentimita mia moja na kumi na tano."

Mama mkubwa alimwangalia muda mrefu, mkono kiunoni. "Mwanangu," akasema, "nimeishi na wajinga wengi na nikawavumilia wote. Wewe utanishinda."

*

Zikapita siku kumi na nane, na Nyoosha alizihesabu. Simu aliishika mara mia, akairudisha mfukoni mara mia.

Ya kumi na tisa, asubuhi, aliingia mzee mmoja mrefu ajabu, shati jeupe limepigwa pasi, amesimama wima kama mlingoti, anasukuma kigari cha kijivu. Ndani yake Kibonge amelala mdomo wazi. Nyoosha, kwa mazoea, aliangalia gurudumu kwanza. Lilikuwa linatetemeka. Halafu akaangalia bomba, mpini umesimama kwenye alama nyekundu. Halafu akaangalia kiwiko cha mzee.

Aliinuka kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Nyoosha?"

"Ndiye."

"Basi nyoosha. Hili la mbele lina homa tangu juzi."

Akapiga goti na kulishika. Hakuhitaji hata sekunde kumi: skrubu aliyoikaza yeye mwenyewe, mkono upo akili haipo, ilikuwa imelegea. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Kosa ni langu, mzee. Sikukaza vizuri. Ungeendelea nalo wiki moja lingeachia."

"Na mjukuu wangu ndani?"

"Na mjukuu wako ndani."

Mzee alimtazama mjukuu aliyelala. "Ungeweza kusema ni mawe ya njia," alisema mwishowe. "Nisingejua. Kaza."

Nyoosha akakaza, akajaribu, akakaza tena. Kisha, bado amepiga goti, macho kwenye tairi, akalitoa lile swali lililomkaba siku kumi na tisa.

"Mzee, mama yake huyu ana mume?"

"Mume gani? Nyumba ile tuko watatu, mimi, binti yangu na huyu. Baba wa mtoto alipoambiwa kuna mimba alikwenda kutafuta maisha. Aliyapata, akakaa nayo hukohuko." Mzee alivuta kiti, akaketi taratibu akishika mgongo. "Nikwambie siri, maana umenitolea ukweli. Miaka thelathini nimepanda nguzo za umeme. Mgongo umechoka, daktari kanipa fimbo. Mimi! Nikaitupa juu ya kabati, nikakaa ndani miezi minne. Binti yangu hakunigombeza. Alikuja tu siku moja, eti, baba, nisaidie kumtembeza mtoto asubuhi, kazi zimenizidi. Akaniletea hiki. Anadhani sijui kwamba ndiyo fimbo yangu. Na wewe usimwambie."

"Ndiyo maana hakunitajia ni cha nani," alisema Nyoosha polepole.

"Hawezi kunitangaza dukani. Ananitunzia heshima yangu." Mzee akakohoa. "Alikuwa anacheka na simu, pini mdomoni. Nikamwambia utameza pini wewe. Siku hizi hachekeshwi na mtu. Pini ziko salama, lakini nyumba imepoa."

Nyoosha alisimama. Alimwaza yule mwanamke aliyemshonea mtoto pacha ili asimlize, na akamwekea baba yake fimbo ndani ya kigari ili asimwaibishe, akafanya yote bila kumwambia mtu. Alimwona mkubwa kuliko alivyomwona siku ya kwanza, na yeye mwenyewe akajiona mdogo kama njugu.

"Mzee, naomba nikirudishe mwenyewe. Kwake."

"Twende. Ila alama yangu usiiguse."

Basi barabara nzima ilishuhudia: mzee mrefu anatembea pole pole mikono nyuma, na pembeni yake mtu mfupi kainua mikono juu kama anayeanika nguo, anasukuma kigari. Muuza magazeti alicheka waziwazi. Nyoosha hakujali.

*

Karakana ya mwanamke ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, cherehani mbili, makoti yaliyoning'inia bila mikono. Alikuwa ameinama juu ya meza, pini mdomoni. Alipoinua macho akaona ile mikono iliyoinuliwa na sura iliyo katikati yake, alizitema pini zote kwenye kiganja.

"Umefuata nini?"

"Makosa mawili. La kwanza, gurudumu la mbele sikulikaza. Baba yako kaliona mapema, mtoto hajaumia. Ni uzembe wangu, sina la kujitetea."

Alikuja mbio, akamkagua Kibonge kuanzia unyayo hadi utosi. Alipomaliza, macho yake yalikuwa makali. "La pili?"

"Nilidhani una mume."

"Kwa lipi?"

"Kwa kiwiko."

Mzee ghafla akaona kuna jambo la maana sana nje ya dirisha, akaligeukia.

"Kiwiko," alisema mwanamke. "Mimi nikajua umemwona mtoto, ukakimbia. Kama mwenzio. Siku kumi na tisa najiuliza nilikosea wapi. Nilishona gauni la kijani kwa ajili yako, mjinga wewe!"

"Nililiona. Lilikuwa na vifungo saba. Cha nne ulikishona kwa uzi mwingine."

"Uzi uliniishia. Nilikuwa nakimbilia kuja." Akazimwaga pini mezani. "Kwa nini hukuuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Na sasa?"

"Bado naogopa. Lakini nasema. Nakupenda. Napenda unavyopima kila kitu kabla hujakiamini. Na huyu nampenda, kichwa chake na mashavu yake, naomba anipe mkono wake tena. Mpini huu una alama mbili. Naomba ya tatu."

Mwanamke alivua utepe shingoni. "Simama wima." Akapima kuanzia sakafu hadi kwenye kiwiko, taratibu, kama anayempima mteja wa heshima. "Mia moja na tatu. Nimekuzidi sentimita moja."

"Utanivumilia?"

Akachukua chaki yake ya kushonea, ile nyeupe, akachora mstari mwembamba kwenye bomba, chini kidogo ya ule wa manjano.

"Hii ni chaki," alisema. "Inafutika. Mwenzio alidumu miezi miwili tu. Wewe nakupa sita. Ukiwa bado unasukuma, lete rangi."

Nyoosha alisukuma. Kila jioni alifunga duka na kwenda kumzungusha Kibonge, na Jumapili wakatoka wote wanne. Kibonge alijifunza kusema "nyosha" kabla ya kusema "maji". Simu zikalia tena, pini zikawa hatarini tena. Na ule mstari mweupe kila siku ulikuwa pale pale, naye akaamini kwamba mwanamke anauchora upya kila unapofifia. Hakuugusa hata siku moja, akiogopa kuufuta.

Miezi sita ilipotimia, Jumapili asubuhi, alifika nyumbani kwao na kikopo cha rangi na brashi mpya, ndani ya shati aliloshonewa. Akapiga goti mbele ya kigari. Akalowesha kitambaa ili aifute chaki kwanza. Akasugua. Haikutoka. Akasugua kwa nguvu.

Mwanamke alikuwa mlangoni, amevaa lile gauni la kijani, mikono kifuani.

"Hii si chaki," alisema Nyoosha.

"Si chaki."

"Umeipaka lini?"

"Mwezi wa pili, siku ileile uliyokaa na baba hospitali kutwa nzima. Nikanunua kikopo nikiwa narudi." Macho yake yalijaa machozi, mdomo unacheka. "Miezi minne, Nyoosha! Ungeigusa tu kwa kidole ungejua. Umeogopa tena."

"Basi leo siogopi. Utaolewa na mimi?"

"Ndiyo," alisema. "Lakini muulize na mwenye alama ya juu."

Mzee alikuwa barazani akimfunga Kibonge viatu. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi sina neno," alisema. "Jioni na Jumapili ni zenu. Asubuhi mniachie fimbo yangu."

"Baba!" Mwanamke alishika mdomo. "Ulijua?"

"Tangu siku uliponipima kiwiko ukasema unanishonea koti," alisema mzee. "Koti lenyewe mpaka leo sijaliona."

Kicheko kile kilitoka chini, kikapanda, kikajaza baraza. Nyoosha akaushusha mpini kwenye alama yake, Kibonge akapanda mwenyewe, na wakatoka.